Laptop Iliyobebwa Mgongoni

Mafundi wapya wa hapa mpakani, mmeniomba niwaandikie maneno mawili matatu kuhusu kazi, kwa kuwa nimestaafu na mnadhani sina shughuli. Asanteni sana. Ni kweli sina shughuli. Macho yamekataa skrubu ndogo, kiuno kimekataa kiti cha plastiki, na wateja wote wamehamia kwenu, kwenye vibanda vyenye taa za rangi zinazowaka na kuzima hata mchana wa jua kali. Mimi Nabwire nilikaa miaka mingi kwenye kibanda cha mabati, Busia upande wa Kenya, nikitengeneza laptop za watu wa pande zote mbili. Na wote hao, Wakenya kwa Waganda, walifika mezani kwangu na kauli moja: "Sijaigusa. Imeharibika yenyewe."

Basi tuanzie hapo. Katika kazi yangu yote sijawahi kukutana na laptop iliyoamka asubuhi, ikapiga mswaki, ikaamua kwamba leo haitaki waifai. Kuna mkono uliopita. Mkono wenyewe unaweza kuwa wa mwenye mashine, wa mtoto wake, wa shemeji aliyekuja kusalimia, au wa fundi aliyetangulia, ambaye mara nyingi ndiye mbaya kuliko wote. Kazi yenu ni kuutafuta huo mkono kwa heshima bila kumtukana mtu, jambo ambalo mimi sikulimudu vizuri.

Mchungaji mmoja aliwahi kuniletea laptop akiwa amekunja uso, akasema waifai imetoweka tangu Jumamosi na mahubiri yake yote yako mtandaoni. Nikamuuliza Jumamosi alifanya nini. Akasema hakuna, aliisafisha tu, maana kesho yake ilikuwa siku ya Bwana. Aliisugua kwa kitambaa chenye maji, kitufe baada ya kitufe, kwa bidii ya mtu anayeosha dhambi. Kati ya vitufe hivyo kuna kimoja kimechorwa ndege, na ukikibonyeza mashine inazima mawasiliano yote, ikidhani mwenyewe amepanda ndege. Nilikibonyeza tena, waifai ikarudi. Mchungaji akaniambia ni maombi. Sikubishana naye, kwa sababu alikuwa na waumini wengi wenye laptop.

Mwingine alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Busitema, Uganda, kijana msomi, anasomea uhandisi kabisa. Mashine yake iliunganika na waifai vizuri lakini kila tovuti aliyofungua ilimwambia si salama. Alikuwa ameshabadilisha nywila, ameshamshuku jirani wa hosteli, ameshagombana na mchumba wake. Nilitazama kona ya chini ya kioo, nikaona tarehe. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, na laptop iliamini kwamba bado tuko mwaka ambao huyo kijana alikuwa anajifunza kutembea. Nikarekebisha tarehe. Akaifunga laptop yake, akaniomba nisimwambie mtu. Ndiyo maana sijamtaja jina.

Na ninyi mnaofanya kazi hapa mstari wa mpaka, msisahau ugonjwa wetu wenyewe. Mteja anawasha hotspoti kwenye simu yake, laptop inaungana, alama zote ziko sawa, na intaneti hakuna. Mnafungua mashine, mnatoa skrubu, mnatokwa na jasho. Kumbe simu imeshavuka mpaka bila paspoti, imeshika mnara wa nchi ya pili, na bando lake halitambuliki huko. Tazameni kwanza jina la mtandao juu ya simu. Mnaweza kuepuka kazi ya saa nzima kwa kuinua shingo.

Aliyenifundisha haya aliitwa Wandera, Msamia mwenzangu, fundi wa redio aliyehamia kompyuta uzeeni kwa hasira, kwa sababu watu waliacha kumletea redio. Alikuwa na mdomo mchafu na pua ya ajabu. Alinusa mashine kabla ya kuifungua, na mara nyingi alijua sehemu iliyoungua. Alinifundisha utaratibu wa waifai, ambao ninawaachia bure: kwanza uliza kama simu nyingine zinapata mtandao huo huo. Zikikosa, mgonjwa ni rauta, mwache laptop apumzike. Zikipata, tazama swichi na vitufe vya nje. Halafu iambie mashine isahau ule mtandao, uandike nywila upya. Halafu izime kabisa na kuiwasha. Baada ya hayo yote ndipo uguse programu, na skrubu ziwe za mwisho. "Bisibisi," alikuwa akisema Wandera, "ni ya mtu aliyeshindwa kufikiri." Mimi nilisikiliza, nikaitikia, na nilipopata kibanda changu na jina kubwa, nikawa naanza na bisibisi.

Wateja wanaipenda bisibisi, wanangu. Ukisukuma kitufe kimoja na mashine ikapona, mteja anakuona mwizi. Ukiifungua, ukaitandaza mezani vipande kumi na saba, ukapuliza vumbi huku umekunja uso, anakuona daktari. Mimi nilitaka kuwa daktari, na hicho ndicho kisa ninachotaka kuwasimulia. Sijawahi kukisimulia kwenye kibanda.

Huko Molo ya Uganda, upande wa Tororo, alikuwapo mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Ochwo. Mtu mzima, mpole, Mjapadhola anayeongea taratibu kana kwamba kila neno linaandikwa ubaoni. Alikuwa amekaimu ualimu mkuu kwa muda mrefu. Kukaimu mnajua maana yake: funguo unabeba wewe, lawama unabeba wewe, cheo hakijafika. Ili athibitishwe alitakiwa awe na shahada, na katika umri wa kuwa babu alirudi kusoma kwa masafa, likizo baada ya likizo, mpaka akamaliza utafiti wake. Lilibaki jambo moja tu. Chuo kilimwandikia kwamba ataitetea ripoti yake mbele ya watahini kwa njia ya video, Alhamisi saa nane mchana, na awe na kompyuta, si simu, kwa sababu atawaonyesha majedwali yake kwenye kioo. Asipofika, atasubiri mwaka mwingine. Na nafasi ya ualimu mkuu haikuwa na mpango wa kumsubiri.

Mwalimu alikuwa na laptop ya mtumba, nzito, ya zile za zamani. Nyumbani alikuwa na kirauta kidogo cha laini ya simu. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, laptop ikaacha kuona waifai. Mafundi wa Tororo wakamwambia anunue nyingine, ushauri mzuri sana ambao hauhitaji ufundi wowote. Basi akamtuma mkewe aniletee mimi.

Mkewe, Mama Athieno, alikuwa akija Busia kuuza karanga, kwa hiyo njia aliijua. Siku ya kwanza aliingia kibandani na kapu la karanga kichwani na mtoto mgongoni, amefungwa vizuri kwa leso ya maua mekundu. Nikamkaribisha kiti, nikamwambia mtoto wake ametulia sana.

"Huyu halii," akasema, akafungua fundo, akainama, akanitolea laptop.

Nilicheka mpaka jirani yangu muuza viatu akaja kuchungulia. Mama Athieno hakucheka. Alinieleza kwa subira, kama mtu anayemweleza mtoto mzito wa kuelewa. "Fundi, nikibeba mkononi, hapo mpaka wananiuliza: hii ya nani, nakwenda wapi, karatasi iko wapi. Nikibeba mgongoni, wananiambia, pita mama, jua kali. Na kapu nitaibeba na nini? Na kwa boda nitashika wapi? Kitu ya maana nafunga mgongoni."

Huwezi kupinga hoja hiyo. Nikaipokea mashine, nikaiwasha, na kweli, alama ya waifai ilikuwa na msalaba mwekundu. Sasa hapa, mafundi, nawaomba mhesabu makosa yangu, maana mimi niliacha kuhesabu. Sikumuuliza Mama Athieno swali hata moja. Nilimpigia Mwalimu simu, kwa kuwa yeye ndiye msomi, nikamuuliza iliacha kufanya kazi lini na akiwa anafanya nini. Akasema sijaigusa, imeharibika yenyewe. Niliridhika na jibu hilo. Nikaipindua laptop juu ya mkeka wangu wa mpira, nikashika bisibisi.

Nilichomoa kadi ya waifai, nikaifuta, nikairudisha. Nilipoiwasha, mitandao ya Busia nzima ilijipanga kwenye kioo. Nikamwambia Mama Athieno maneno mengi kuhusu vumbi na kutu, akanitazama kwa heshima, akaifunga laptop mgongoni, akaenda zake. Niliwahadithia watu wote wa mstari wetu wa vibanda kisa cha mama aliyebeba laptop kama mtoto. Tulicheka wiki nzima.

Siku tatu baadaye Mwalimu akanipigia. "Madam fundi, machine imekataa tena."

Akaja tena Mama Athieno, kapu kichwani, laptop mgongoni. Msalaba mwekundu uko pale pale. Safari hii niliamua kuonyesha ukubwa wangu. Nikahifadhi faili zote za Mwalimu pamoja na nywila zilizokumbukwa na mashine, nikafuta kila kitu, nikaweka mfumo mpya kuanzia chini. Kabla ya hapo bila shaka niliipindua mezani nikachungulia tena kadi, maana mkono uliozoea bisibisi hautulii. Mashine ikawaka, waifai ikaja, nikapiga makofi peke yangu. Mama Athieno akaniuliza kama sasa imepona kabisa. Nikamwambia, "Mama, hii sasa ni kama mpya." Akaifunga mgongoni.

Haikufika kesho. Mwalimu alipiga simu, sauti imeanza kupungua. Sasa nikamgeukia yeye. Nikamwambia mashine ni nzima, tatizo liko kwake. Nikamuuliza rauta ameiweka wapi. Akasema iko kabatini, pamoja na vikombe vya wageni. Imefunikwa? Imefunikwa na kitambaa alichokifuma Mama Athieno, ili vumbi lisiingie. Ah! Nilimhutubia Mwalimu wa watu kama mwanafunzi wa darasa la pili. Nilimwambia mawimbi hayapendi kabati, hayapendi vikombe, hayapendi kitambaa. Na kweli hayapendi kabati, hilo mlichukue. Kitambaa cha uzi hakizuii chochote, lakini nilikuwa nimeshapanda jukwaani na kushuka ni kazi. Mwalimu akaitoa rauta, akaivua kitambaa, akaiweka dirishani. Laptop haikuona kitu.

Jumatano, siku moja kabla ya mtihani, Mama Athieno akaja mara ya tatu. Safari hii hakuwa na karanga. Alikuwa ameacha biashara yake kwa ajili ya safari hiyo. "Fundi," akaniambia, "bwana yangu halali. Anakula kidogo tu. Tafadhali."

Nikaipindua mezani, nikafungua, nikafuta, nikafunga, ikafanya kazi. Nikaijaribu nusu saa, ikafanya kazi. Nilifurahi kidogo, wanangu, nikasema moyoni kwamba sasa ikikataa, wa kulaumiwa ni Molo yenyewe. Mama Athieno akatandika leso yake mezani, akaiweka laptop juu, akaishikashika pembeni kama anavyomweka sawa mtoto, akaipandisha mgongoni. Nilikuwa namtazama kwa macho haya haya.

Alhamisi saa nne asubuhi simu ikalia. Mwalimu hakusema madam. Alisema tu, "Fundi, njoo."

Nikafunga kibanda, nikavuka, nikachukua usafiri mpaka Tororo, kisha boda mpaka Molo. Nilifika saa saba na nusu. Mwalimu Ochwo alikuwa amevaa koti la siku za kufunga shule na tai, ameketi mbele ya meza, laptop imefunguliwa, ripoti yake imewekwa karatasi juu ya karatasi pembeni. Alinisalimia vizuri.

Nilikuwa na nusu saa. Nilifuata utaratibu wote wa Wandera, ila kwa haraka na kwa kuruka, yaani sikuufuata. Simu yangu ilipata waifai ya rauta bila shida, kwa hiyo rauta ilikuwa nzima. Nikaizima laptop, nikaiwasha. Nikaiambia isahau mitandao yote. Nikatafuta ile hali ya ndege, haikuwa imewashwa. Nikataka kuunganisha simu yangu na laptop kwa waya, njia ambayo haihitaji waifai hata kidogo. Nikachomoa waya kutoka mkobani, nikauchomeka. Simu ikaanza kuchaji na basi. Fundi mzima nilikuwa nimesafiri nchi mbili na waya wa kuchaji tu, ule mwembamba usiopitisha kitu kingine. Ule wa maana ulikuwa umelala kibandani Busia.

"Tumia simu yako kuingia," Mwalimu akasema, saa nane na dakika tano. "Nitawaambia kompyuta imeharibika."

Tukajaribu. Ukurasa wa chuo ukataka nywila yake. Mwalimu akanitazama. Hakuijua. Nywila ilikuwa inakumbukwa na laptop, na iliyokuwa kwenye daftari ilikuwa ya zamani. Tulijaribu jina la binti yake, jina la shule, jina la binti na jina la shule pamoja. Ukurasa ukaifungia simu yangu.

Saa nane na robo nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia, laptop nimeiweka kwenye kochi, natafuta bisibisi. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni akitazama nje, ametupa mgongo. Mama Athieno akaingia na sinia lenye soda na karanga, maana mgeni ni mgeni hata nyumba ikiungua. Akaweka sinia. Akaiona leso yake kochini, ile ya maua mekundu, chini ya mashine, akaivuta polepole.

"Fundi, pole, hii leso yangu nzuri," akasema. "Tazama, hii mashine inaniharibia. Inang'oa nyuzi. Ndiyo maana nakafunga kwanza."

"Unakafunga nini, Mama?"

"Haka kadude ya hapa mbele." Akanionyesha kwa kidole ukingo wa laptop, upande wa mbele, chini kabisa. "Nikiacha hivi, kanashika nyuzi ya leso. Nikisukuma huku, kanatulia. Tangu ile siku niliibeba kuitoa shuleni, kila siku nafunga kabla ya kubeba. Nilifikiri ni ya kufungia kifuniko."

Akakisukuma kwa ukucha ili nione. Taa ndogo ya bluu ikawaka.

Wanangu, zile laptop za zamani zilikuwa na swichi ya waifai ukingoni. Ninyi hamjaziona, za siku hizi hazina. Mimi niliziona. Nilifundishwa na Wandera juu yake, na nikawafundisha wengine, kisha nikaisahau. Kila mara Mama Athieno alipoibeba mashine alizima swichi, aokoe leso yake. Na kila mara nilipoipindua juu ya mkeka wangu wa mpira, ukingo ule ulikwaruza mpira na swichi ikarudi yenyewe. Mara tatu ilipona mikononi mwangu bila mimi kujua, na mara tatu nilipokea sifa. Swali moja tu kwa huyo mama, "unaibeba vipi?", lingetosha. Nilikuwa nimemcheka kwa namna alivyoibeba, sikumuuliza.

Mwalimu alirudi mbio kwenye meza. Mashine ikaungana, ukurasa ukafunguka, ikatafuta, ikazunguka, na ilipofika saa nane na dakika ishirini na sita uso wa mama mmoja mwenye miwani ukatokea kwenye kioo. Mwalimu akaanza kueleza. Yule mama akamsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia kwamba wamemsubiri, wamemwita mara tatu, wameshamwingiza mtu mwingine, na kanuni haziwaruhusu. Aombe kikao cha mwakani. Mwalimu Ochwo akainamisha kichwa mbele ya kioo, akasema asante madam, asante sana. Kioo kikarudi kuwa na majedwali yake.

Hakupiga kelele. Alipanga karatasi zake, akazigonga mezani zilingane, kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Athieno. Kumbe ni wewe."

"Mimi sikujua, baba Athieno."

"Wiki mbili. Ni wewe tu."

Mama Athieno alikuwa bado ameshika leso. Mwalimu akanigeukia mimi, mtaalamu aliyetoka Kenya, nitoe hukumu. "Fundi, si ilikuwa hiyo kitufe?"

Hapo palikuwa pangu pa kusema. Ningeweza kumwambia kwamba hiyo swichi ilipita mezani kwangu mara tatu, kwamba kuitazama ndiyo kazi yangu na si ya mkewe, kwamba yeye ameuza karanga maisha yake yote na mimi ndiye niliyejiita daktari. Nilifikiria jina langu. Nilifikiria watu wa Tororo na Busia wakisimuliana. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu. Ilikuwa hiyo kitufe."

Kila neno lilikuwa la kweli. Nikakusanya vitu vyangu.

Mama Athieno akanisindikiza mpaka barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa. Alikuwa amenifungia karanga kwenye mfuko. Boda iliposimama akanishika mikono yote miwili akaniambia asante kwa kuja mbali. Nikamwambia asijali, haya mambo hutokea.

Mwalimu Ochwo alirudia mwaka uliofuata, akapita vizuri. Kufikia hapo nafasi ya mwalimu mkuu ilikuwa imekaliwa na kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusoma a, e, i, o, u. Mpaka alipostaafu alikuwa anaomba ruhusa kwa huyo kijana akitaka kwenda msibani.

Lakini kabla ya hayo yote, kitu kimoja kilinisumbua. Mama Athieno aliacha kuja Busia. Jirani yangu muuza viatu aliuliza yule mama wa laptop yuko wapi, akitaka tucheke tena, na mimi sikuweza kucheka. Baada ya wiki tatu nikafunga kibanda nikaenda Molo, bila mkoba wa kazi.

Niliwakuta nyumbani. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari, mkewe ameketi kwenye mkeka akibangua karanga. Waliketi mbali mbali. Nikakataa soda. Nikamwambia Mwalimu yote, mkewe akiwa anasikia: mara tatu, mkeka wa mpira, swichi ninayoijua tangu ujana, swali ambalo sikuuliza, na siku ile niliponyamaza. Nikamwambia kwamba mkewe hana kosa, fundi ni mimi na kosa ni langu.

Mwalimu akaweka kalamu chini. Akaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia niliogopa kuharibu jina langu. Akafunga daftari lililokuwa mbele yake, akamgeukia mkewe.

"Mama Athieno, umesikia? Nisamehe."

"Nimesikia," akasema, na mikono yake haikuacha karanga. Akabangua moja, akabangua nyingine. Ndipo akainua macho akanitazama mimi, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Fundi. Hii wiki tatu mimi nalala najua ni mimi nimemharibia bwana yangu. Kila siku. Wewe ulikuwa unalala namna gani?"

Nilitaka kumpa jibu la mtu mwema. Nilikuwa nalala vizuri.